Tano ya Rebecca

Niseme mapema ili tusisumbuane: sikumpenda Rebecca, na sababu ilikuwa namba. Yangu ilikuwa saba na nusu, yake ilikuwa tano.

Sisi ni watu kumi na wanne wa kanisa moja hapa Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, na wote tuna ugonjwa wa sukari. Katekista wetu Matiya, ambaye naye anao, ndiye aliyetukusanya baada ya kumzika mwenzetu mmoja aliyeanza na kidonda cha kidole akamalizia na mguu mzima. Tunajiita Kundi la Miguu. Siku nne kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, tunatembea kutoka kanisani hadi karibu na daraja na kurudi, kabla jua halijawa kali. Kila baada ya miezi mitatu muuguzi anakuja kututoa damu, anaipeleka kwenye maabara upande wa Thongpiny, na kila mtu anapata karatasi yenye namba moja inayoeleza sukari yake ilivyokaa kwa miezi yote hiyo. Chini ya saba unapongezwa. Matiya huzisoma Jumapili baada ya misa, mbele ya watu, akianza na mbaya na kumaliza na nzuri.

Mwenye namba ya chini kabisa anakuwa kapteni hadi kipimo kinachofuata. Anavaa filimbi shingoni, anatembea mbele, anapanga mwendo, na anachokula na kunywa yeye ndicho wengine wanachoiga. Matiya aliona huo ni utaratibu mzuri. Mimi pia niliuona mzuri, nilipokuwa kapteni.

Jina langu ni Harriet, Mganda wa Mityana, ingawa hapa wengi huniita Mama Kisakye. Nikitoka mazoezini nakaanga chapati kando ya barabara ya Nimule mpaka mchana. Mtu anayekaanga chapati kutwa nzima bila kuonja hata kipande ana haki ya kutarajia shukrani kidogo kutoka kwa mwili wake. Nilipokuwa kapteni tulitembea kama askari, jasho likitutoka, na asiyeweza nilimwambia ukweli wake palepale. Huko ndiko nilikokosana na Rebecca.

Alijiunga nasi mwaka jana, mwezi wa sita. Ni Mkuku, kabila la huku mpakani na Uganda, aliyelelewa kambi ya wakimbizi ya Adjumani wakati wa vita, kisha akarudi Juba na mumewe Sebit, fundi wa pampu za maji. Yeye anashona sare za shule, na watu humwita Mama Lako, kwa jina la mwanawe. Ni mwembamba, macho yake yana umanjano, na siku yake ya kwanza alitembea nusu ya safari akaketi juu ya jiwe.

"Mama Lako, simama. Sukari hapana penda mtu ya kukaa," nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha barabarani, ndicho tunachoelewana nacho.

"Mama Kisakye, wewe nakimbia kama polisi nafuata wewe," akajibu. "Mimi hapana choka. Mimi napumzika tu."

Watu wakacheka, nami sikucheka. Wiki iliyofuata nilipuliza filimbi nikamlazimisha aende na mwendo wetu hadi mwisho. Akaenda. Baada ya hapo hakuonekana wiki mbili, Sebit akasema miguu inamuuma, nami nikawaambia wenzangu kwamba uvivu nao una maumivu yake. Nakumbuka maneno hayo vizuri kuliko ninavyopenda.

Kisha ikaja damu ya miezi mitatu. Muuguzi alishindwa kuupata mshipa wa Rebecca pale kanisani, akachoma mara nne bure, ikabidi amfuate nyumbani kwake jioni na kujaribu tena kwa utulivu. Jumapili Matiya akasoma. Mimi nikasomwa wa pili kutoka mwisho, saba na nusu. Wa mwisho akawa Rebecca, tano pointi moja. Watu wakapiga makofi. Nilivua filimbi nikaikabidhi huku nikitabasamu, na tabasamu hilo liliniuma mashavu hadi jioni.

Kapteni mpya alitutembeza polepole. Kanuni yake ilikuwa kwamba ukitembea lazima uweze kuongea, na ukishindwa kuongea, ukae. Tulikaa kila mahali. Halafu alikuwa na chupa yake kubwa ya karkade, yale maua mekundu makavu yanayochemshwa, na yeye aliyachemsha na sukari kama anavyofanya kila mtu Juba. Bibi yake alimwambia tangu utotoni kwamba karkade ni nyekundu kwa hiyo inaongeza damu, na kwamba anywe nyingi kila siku. Tukamwuliza kuhusu sukari iliyomo. Akasema yeye anakunywa hivyo tangu zamani, na namba tumeiona. Kweli tulikuwa tumeiona. Baada ya mwezi mmoja kila mtu kwenye kundi alikuwa na chupa nyekundu mkononi, isipokuwa mimi, na mimi sikukataa kwa busara, nilikataa kwa kiburi.

Kipimo cha pili Rebecca alipata nne pointi tisa. Cha tatu, tano kamili. Namba za wengine zilikuwa zinapanda kidogo kidogo, Matiya akasema ni Krismasi. Daktari ng'ambo ya mto alimshika Rebecca mkono, akamsifu, na kwa kuwa sukari yake ilikuwa nzuri hivyo akampunguzia vidonge, kutoka vinne kwa siku hadi kimoja. Rebecca alitusimulia hayo tukiwa barabarani, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimtazama. Alikuwa amekonda zaidi, na asubuhi hiyo alikwenda kujisaidia vichakani mara tatu. Mtu mwenye akili angeunganisha mambo hayo. Mimi niliyaunganisha vibaya, nikaamua kwamba Rebecca anadanganya.

Nilijua hata namna anavyodanganya. Sisi wote tunatolewa damu kanisani mbele ya watu, yeye anatolewa nyumbani. Mwanawe Lako ana duka huko Gudele na huja kumwona mama yake mara kwa mara, kijana wa miaka ishirini na miwili, mzima kama ng'ombe. Nikajiambia damu inayokwenda maabara ni ya Lako.

Pale Gumbo kuna kliniki ndogo na mtu wa maabara ni Lubega, mwenzangu wa Uganda. Nikamwomba mashine ya kupima kwenye kidole, inayoonyesha sukari ya saa hiyo tu, nikasema ni kwa ajili ya mazoezi. Jumanne, mwezi wa tatu, joto la Juba likiwa limeshatuchosha hata kabla ya jua kuchomoza, tulifika karibu na daraja nikaitoa. Nilisema tupimane wote, tujue mazoezi yanafanya kazi gani. Watu walifurahi. Matiya alikuwa wa kwanza kutoa kidole, akapata kumi na moja. Wengine wakapata kumi, kumi na mbili, na mmoja kumi na tatu. Mimi nikapata saba, nikaisoma kwa sauti.

"Mama Lako," nikasema.

"Leo hapana."

"Kwa nini? Wewe iko kapteni."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Akatoa kidole. Mashine ikafikiri, kisha ikaandika kumi na tisa pointi tatu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuogopa. Badala yake moyo wangu ulichezacheza kwa furaha, na siwezi kuupamba ukweli huo. Nikauliza mbele ya watu wote, "Sasa ile damu ya karatasi iko ya nani? Iko ya Lako?"

Rebecca akavua filimbi, akampa Matiya, akaokota chupa yake na kuondoka kwa miguu kuelekea nyumbani, polepole kama kawaida yake. Hakujitetea hata kwa neno moja, nami nikachukulia ukimya wake kuwa ushahidi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Lubega kumrudishia mashine na kumpa habari. Tuliongea Kiganda, na nilisimulia kwa madaha, nikitia chumvi pale palipopwaya. Nilitaka aandike barua kwa Matiya kwamba mtu hawezi kuwa na kumi na tisa kwenye kidole na tano kwenye karatasi.

Lubega hakucheka. Akauliza, "Huyo mama macho yake yakoje?"

"Yana umanjano."

"Mishipa yake ni rahisi kupatikana?"

"Si rahisi."

"Huwa anaugua miguu, mifupa, hasa akichoka sana au kukiwa na joto au baridi?"

Nilianza kujibu haraka, nikamaliza kwa sauti ya chini. Ndiyo. Wiki mbili nzima, mwaka jana, baada ya mimi kumkimbiza.

"Basi inawezekana hakuna aliyedanganya," akasema. "Inaelekea ana sikoseli. Wako wanaofika umri wake nayo, aina isiyo kali sana."

Sikoseli, ambayo vitabuni wanaiita selimundu, nilikuwa naijua kama ugonjwa wa watoto, wa kuzaliwa nao. Sikujua mtu mzima anaweza kuwa nayo halafu akapata na sukari juu yake. Lubega akanieleza. Sukari iliyo kwenye damu hushika chembe nyekundu na kubaki hapo. Chembe za mtu wa kawaida huishi miezi mitatu na zaidi, kwa hiyo maabara ikiangalia zimebeba sukari kiasi gani inajua mwenye nazo ameishi vipi.

"Anika shati jeupe kando ya barabara ya Nimule kwa miezi mitatu," akasema, "utajua barabara ina vumbi kiasi gani. Sasa wewe kila baada ya wiki mbili unalianua unaweka jipya. Atakayekuja kulitazama ataapa hapa hakuna vumbi. Chembe za mtu wa sikoseli zinakufa mapema. Zinaondoka kabla hazijapata nafasi ya kubeba sukari. Kipimo hicho kwake hakifai. Wa maabara angeambiwa angejua, lakini ile fomu haina mahali pa kuuliza."

"Kwa hiyo kumi na tisa ndiyo kweli."

"Ndiyo kweli, na pengine imekuwa hivyo miezi yote. Anatumia dawa gani?"

Nikamwambia kuhusu vidonge vinne vilivyobaki kimoja. Nikamwambia na karkade. Lubega akaweka kalamu chini.

"Sikiliza. Sukari ikipanda hivyo mtu anakojoa sana, maji yanaisha mwilini. Mimi na wewe tutasikia kiu. Yeye damu yake ikikosa maji, zile chembe zinajipinda na kuziba mishipa. Inaweza kuwa miguu, inaweza kuwa kifua, na kifua kinaua. Na joto hili. Umemwacha wapi?"

Nikamwambia amekwenda nyumbani kwa miguu. Sikungoja aulize jambo jingine.

Nilimkuta Sebit mlangoni. Ni mtu mpole, na upole huo siku hiyo ulinifanya nijisikie vibaya zaidi.

"Mama Kisakye, leo hapana. Yeye nalala. Mguu nauma, mgongo nauma."

Nikampita. Rebecca alikuwa amelala kwenye mkeka, amejikunja, midomo imemkauka, na kando yake jagi la karkade limebaki nusu. Aliponiona alifumba macho.

"Wewe nakuja cheka."

"Mimi nakuja sema mimi ilikosea. Ile damu hapana ya Lako, iko yako. Lakini ile kipimo hapana jua kusoma damu yako. Lubega nasema wewe iko na sikoseli."

Sebit akainamisha kichwa.

"Tangu mtoto," Rebecca akasema.

"Basi ile kumi na tisa iko kweli. Amka, sisi naenda kliniki."

"Karatasi nasema tano."

Nilimweleza habari ya shati na vumbi, nikaieleza vibaya, nikarudia. Akasema karatasi imesema tano mara tatu, na daktari mwenyewe amemshika mkono. Nikamwambia daktari hakujua. Akasema daktari amesoma kuliko mtu wa chapati. Hapo nikapandwa na mori, nikasema maneno ambayo hayafai kwa mgonjwa, kwamba akitaka kufa na tano yake afe, sisi tutamwandikia hiyo tano kaburini. Sebit akanishika bega.

"Wewe hapana taka mimi nashinda," Rebecca akasema. "Kutoka siku ya kwanza."

Ningeweza kukana. Alikuwa na maumivu, na uongo mdogo ungemtuliza.

"Kweli, mimi hapana taka," nikasema. "Ile mashine mimi ilileta juu ya wivu. Lakini mashine yenyewe hapana jua wivu yangu."

Alifumbua macho. Sebit, ambaye sikutarajia aseme kitu, akasema taratibu, "Mwezi ya pili yeye ilipima hapa nyumbani na mashine Lako ilinunulia yeye. Kumi na sita. Yeye ilificha mashine ndani ya sanduku ya nguo."

Nilidhani Rebecca atamkasirikia. Hakukasirika. Alianza kuongea akitazama dari ya mabati.

"Sisi ilizaliwa watu sita. Wawili ilikufa kambini na hii damu. Mimi ya tatu na hii damu ilibaki. Kila mwezi mama napeleka mimi kliniki, daktari nasoma karatasi ya damu yangu, halafu naangalia mama na macho ya huruma. Mimi ilikua hivyo. Ilizaa Lako hivyo. Hakuna siku moja karatasi ya damu yangu ilisema neno mzuri. Halafu Matiya nasoma jina yangu mwisho, watu napiga makofi." Akanigeukia. "Mimi ilijua iko kitu. Mimi ilitaka tu hiyo tano ikae na mimi kidogo."

Niliketi chini kwenye sakafu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Baadaye nilichukua lile jagi nikalimwaga nje, nikamletea maji matupu, akanywa vikombe vitatu. Sebit akaleta gari lake la kubebea mabomba, tukamlaza nyuma juu ya godoro, na alipokuwa anapandishwa hakubishana tena.

Siku tatu za kwanza pale kliniki zilikuwa mbaya. Walimtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu, wakaanza kumchoma insulini, na siku ya pili kifua kikabana, tukadhani tunampoteza. Lako alikuja kutoka Gudele akakaa kando ya kitanda. Sikuthubutu kumtazama usoni kijana yule niliyemtia kwenye uongo wangu, mpaka aliponipisha kiti. Usiku wa siku ya tatu kifua kikaachia.

Jumapili nilisimama mbele ya kundi nikasema Rebecca hakudanganya, mimi ndiye niliyemsingizia, na kipimo kile hakiwezi kusoma damu ya kila mtu. Ugonjwa wake sikuutaja, maana huo ni wake kuutaja. Nikasema karkade ya sukari iishe kuanzia leo. Kuhusu mwendo niliwaambia alivyonieleza Lubega, kwamba kutembea polepole, kunywa maji na kukaa unapochoka ndivyo hasa mtu kama Rebecca anavyotakiwa kufanya mazoezi, na kwamba mwendo wangu wa kijeshi ungeweza kumuua. Matiya aliuliza kama tuendelee kusoma namba mbele ya watu. Walibishana, wakaamua kila mtu apewe karatasi yake mkononi.

Jumatatu, asubuhi yake ya sita pale kliniki, nilimkuta Rebecca ameketi kitandani. Nilikuwa nimetoka mazoezini, viatu vyangu vina vumbi. Lubega alikuja na mashine yake, akamchoma kidole, akasubiri.

"Saba pointi tisa," akasema kwa Kiswahili. "Nzuri sana, Mama."

Nilitegemea atafurahi. Rebecca alimtazama Lubega, kisha akanigeukia mimi.

"Mama Kisakye, iko kweli?"

"Lubega ndiyo nasema."

"Lubega nahurumia mimi. Daktari nahurumia mimi. Sebit, Lako, watu yote nahurumia mimi, naweza pa mimi namba mzuri bure." Akaninyooshea mkono. "Wewe tu hapana taka mimi nashinda. Wewe soma."

Nikaichukua mashine kutoka kwa Lubega, nikaenda nayo dirishani penye mwanga. Saba pointi tisa. Nikarudi, nikamwomba Lubega sindano nyingine na kikaratasi kingine cha kupimia, nikajichoma kidole changu mwenyewe mbele ya Rebecca. Nilikuwa nimetembea saa nzima. Sikuwa nimeonja chapati. Tukangoja wote watatu, nami moyoni naiomba mashine inihurumie, na haikunihurumia.

"Yako saba pointi tisa," nikamwambia. "Yangu tisa pointi mbili. Iko kweli, na mimi naumia roho kabisa."

Rebecca akacheka mpaka Lubega akamwambia apunguze asije akachomoa bomba la maji mkononi. Akaniomba nimsomee tena, nami nikamsomea.